Tupeane uzoefu: chuoni ulikuwa unazunguka na nini? Boda, baiskeli, bajaji au mguu?

Kaka wa Singida (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu.

Mdogo wangu wa mwisho kapangiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), anaripoti muhula huu. Nilijua ataniomba godoro na ndoo, kumbe anataka pikipiki. Anasema, "Kaka, kile chuo ni kama wilaya, asiye na chombo anamalizia masomo njiani." Hesabu kaipiga vizuri tu: posho ya bodi ya mikopo ni 10,000 kwa siku, bumu la kwanza likitoka la siku 60 ni laki sita, ana mbuzi wake kijijini atauza, mimi nijazie, anavuta Boxer ya mkononi. Hizo siku 60 atakula nini, hilo hakuliandika.

Kwamba UDOM ni kubwa sibishi, eneo lake ni karibu hekta 6,000. Ila mimi nimesomea chuo cha katikati ya mji, ukishuka ngazi umeingia darasani, kwa hiyo kwenye hili ni mweupe kabisa.

Naomba mliosoma vyuo vikubwa mfunguke. Ulikuwa unatembea na nini, kilikutoka kiasi gani, na kipi ulikikuta bila kuambiwa? Chuo chochote, nchi yoyote, hata wa zamani. Wa mguu mnaruhusiwa. Wale wa "mwambie asome kwanza" naomba mpite tu, nimeshamwambia.

Chimwaga Juu

Mkuu, mimi nimemaliza hapohapo. Kabla hujatoa hata mia, muulize dogo: kapangwa koleji gani, na analala wapi?

UDOM haikujengwa watu wote wakutane sehemu moja. Kila koleji inajitegemea, ina hosteli zake, kumbi zake za lekcha na kafteria yake. CIVE, yaani wa kompyuta, wako kwao, Elimu kwao, Social na Humanity kwao, wa sayansi kwao, wa afya kwao. Mwaka wa kwanza akipata chumba ndani ya koleji yake, kitandani hadi darasani ni mguu na hachoki. Umbali huo mnaousikia ni wa koleji hadi koleji, au koleji hadi mjini, na huko mwanafunzi wa kawaida haendi kila siku. Mjini unashuka Jumamosi kununua vitu Sabasaba. Koleji nyingine unaenda kumwona mtu. Na hapo kwenye kumwona mtu ndipo bodaboda wa pale walipojengea nyumba zao.

Mgeni anadanganywa na macho. Nchi iko wazi, miti ya kuhesabu, majengo ya koleji ya jirani unayaona hayo hapo. Anza kuyafuata kwa mguu saa 7 mchana ndipo utalijua jua la Dodoma. Halafu kuna upepo. Miezi ya kiangazi ukiwa kwenye pikipiki nyepesi, ukishapita pembe ya jengo unapigwa ubavuni mpaka unahama upande wa barabara.

Wanaotaabika ni waliokosa hosteli wakapanga nje, Ng'ong'ona, Makulu na kwingineko. Na hao wengi wanamudu kwa haisi na boda, siyo kwa kununua chao.

Jero Tu

Mguu. Mada ifungwe.

Kaka wa Singida

@Chimwaga Juu kapangwa CIVE, hosteli bado majibu. Hili la kila koleji na hosteli zake hakunigusia hata kidogo, na nahisi analijua vizuri sana.

Mama Wawili

Mimi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar. Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli ya Mabibo, enzi ambazo Hosteli za Magufuli hazijakuwepo (zile zilifunguliwa 2017). Lekcha ya saa 1 asubuhi iko kumbi za Yombo, ndani ya chuo, na wewe uko Mabibo. Ukikosa gari la moja kwa moja ni gari la kwanza hadi Ubungo, la pili kupandia chuo. Na mjue mtu wa chuo hana nauli ya mwanafunzi. Hatuna sare, tunalipa ya mtu mzima. Kwa bei zilizopanda mwishoni mwa 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni 600. Gari mbili kwenda, gari mbili kurudi, ni 2,400. Robo ya posho ya siku imeishia kwa konda kabla hujanywa hata chai.

Kwa hiyo boda ikawa ya siku za dharura: siku ya testi, siku ya mvua, siku umelala ukapitiliza. Haya ninayoyasema ni ya wasichana hasa, maana kaka zetu hawayafikirii.

Pandia kushoto, shukia kushoto. Ekzosi iko kulia, na ukishuka upande huo na gauni fupi au suruali nyembamba, ngozi ya mguu inabaki pale. Mwaka wa kwanza darasani kwetu ungeweza kuwahesabu waliokwisha kupanda boda kwa kuangalia kovu kwenye misuli ya mguu wa kulia.

Usikae upande eti kwa sababu ya sketi. Boda akikata breki unabaki umekaa hewani. Weka kanga kwenye mkoba, jifunge, kaa kwa kutanua miguu, mheshimiwa atakayekushangaa akushangae.

Mshikaki hapana. Najua watatu mkichanga inashuka bei, lakini yule wa nyuma kabisa anakaa kwenye chuma cha kubebea mizigo na hana pa kukanyaga.

Na usiku, ukitoka maktaba umechelewa, usichukue boda wa kuokota. Tulikuwa na boda wetu mmoja, chumba kizima tuna namba yake, mkewe tunamjua. Akikosekana, unachukua mwenye pleti nyeupe, maana ya njano ni ya mtu binafsi, huyo hana kijiwe wala mwenyekiti wa kumshtakia. Unapiga picha pleti, unamtumia rumeti, na unahakikisha boda ameona kwamba umetuma. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi.

Mzee wa UDA

Wajukuu, mnalalamikia boda. Sisi tulikuwa Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pikipiki ya abiria ilikuwa haijulikani, daladala zilikuja kuruhusiwa rasmi 1983, kabla ya hapo ni mabasi ya shirika la UDA, na UDA ikipita imejaa huombi hata isimame. Mafuta ya shida mpaka serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Kwa hiyo Jumapili jioni hata lifti ya mwalimu hakuna. Ukienda Mwenge unashuka kwa mguu, unarudi kwa mguu, na kile kilima mnakijua. Tulikuwa tunapita njia za porini tukigombana na tumbili.

Faida yake moja: mijadala mikubwa yote ya maisha yangu niliifanya njiani. Ukitembea na mtu wa itikadi nyingine kutoka Ubungo hadi ukumbi wa Nkrumah pale chuoni, mmoja lazima abadilike au apumzike.

Mama Wawili

@Mzee wa UDA shikamoo mzee. Tumbili bado wapo, siku hizi wanaiba chipsi.

Mzee wa UDA

Marahaba mwanangu. Afadhali wao wanakula.

Kijiwe Namba Tatu

Mimi siyo msomi, nimeishia la saba, lakini chuoni nimekaa miaka mingi kuliko maprofesa wengine. Naendesha boda kwenye geti la chuo, mkoa sitaji. Naona mnatuongelea, acha na mimi nichangie.

Watu wanasema boda wa chuoni tunaringa, mtu anatoa mia tano unakataa. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya mkataba. Hesabu kwa tajiri 10,000 kila siku, siku sita za wiki, mvua inyeshe jua liwake, ukimaliza mwaka na miezi yake inakuwa yako. Hapo bado petroli, oili, tairi la nyuma, na chakula cha watoto. Kwa hiyo nikiamka asubuhi tayari nadaiwa. Mia tano ya kukupandisha kilima, nikashuka mtupu, naona bora nikae kijiweni nipige stori.

Kalenda ya chuo naijua kuliko mnavyoijua. Wiki mbili za bumu kila mtu tajiri, hata wa hatua mia mbili anataka boda. Baada ya hapo wanaanza kuniamkia kwa heshima, "shikamoo kaka", hapo najua inakuja ya mkopo. Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wanapanda wote kwa sababu wamekesha na wamechelewa kuamka, na hawabishani bei. Halafu inakuja likizo ndefu, kijiwe kinakufa kabisa. Sisi tunahamia stendi ya mabasi, na kule kuna wenyewe, tunapokelewa kwa ngumi.

Madeni ninayo daftari. Jina, kozi, namba ya simu, kiasi. Wanaolipa bila kukumbushwa ni wa uuguzi. Wanaosumbua ni wa sheria, ukimdai anakuuliza mkataba uko wapi.

Usiku bei inapanda, kweli. Siyo roho mbaya. Usiku nikikupeleka nje ya chuo narudi peke yangu, na pikipiki inatafutwa zaidi kuliko simu. Kijiweni kwetu tuna utaratibu, mtu akipata abiria wa usiku asiyemjua anaaga kwa wenzake na kusema anakoelekea. Mwenzetu mmoja aliondoka bila kuaga, tulimkuta asubuhi mtaroni, mzima, pikipiki hana.

Kuhusu geti. Vyuo vingi sasa boda lazima uandikishwe, upewe reflekta yenye namba, ndipo uingie ndani. Asiye na namba anaishia getini. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta boda anamwambia "nakushusha hapahapa geti, utatembea kidogo", ajue huyo hana usajili. Asilipe ya kufika mlangoni.

Jero Tu

Wa sheria mmesikia lakini?

Wakili Mtarajiwa

Madai yasiyo na ushahidi wa maandishi tunayapinga. Boda aje na risiti.

Msomi wa Mazimbu

Nani kaisahau baiskeli? Mimi nimesoma SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, na SUA ina kampasi mbili mjini. Ile kuu iko chini ya Uluguru, na ya Solomon Mahlangu iko Mazimbu, pale palipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini mpaka walipotukabidhi 1992. Nililala Mazimbu na marafiki zangu wote walikuwa kampasi kuu. Katikati kuna mji mzima. Bajaji na daladala zipo, lakini nilinunua baiskeli ya gia pale sokoni, ya mkononi, ikanivusha chuo.

Morogoro ni mji wa baiskeli, mafundi wapo kila kona, kiraka cha tairi bei ya karanga. Kwenda kampasi kuu unapandia mlima, unafika shati limelowa, kwa hiyo unabeba la kubadilisha. Kurudi unateremka hukanyagi pedali. Kilichonishinda mwanzoni ni macho ya watu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye baiskeli, wenzako wanakuuliza kama bumu limezuiwa.

Baadaye nikapata nafasi ya kusoma Wageningen, Uholanzi. Wenyeji walinipa ushauri wa kwanza hata kabla ya kunionyesha jiko: nunua baiskeli iliyochakaa na kufuli jipya. Nikadhani utani. Wizi wa baiskeli kule ni kazi ya watu, na baiskeli nzuri hailali mara mbili nje. Usiku bila taa mbele na nyuma polisi anakutoza faini, tena anakutoza kwa upole. Nchi karibu yote ni sahani, kilima cha kujisingizia ni cha kutafuta, ila upepo wa mbele unakufanya utafute mlima wa Uluguru. Mvua nayo hawaisubiri ikatike, wanavaa suruali ya mvua juu ya suruali wanaendelea.

Lililonikalisha chini ni profesa. Mtu ambaye jina lake nilikuwa nalinukuu kwenye ripoti zangu tangu Morogoro, nakutana naye anafunga baiskeli ina kutu kuliko yangu. Siku niliyorudi nyumbani likizo nikaitoa ile ya zamani stoo kwa mama, nikaipeleka kwa fundi. Hakuna aliyeniuliza habari za bumu tena, maana sasa nilikuwa nimetoka Ulaya. Baiskeli ni ileile.

Ufunguo Uko Wapi

Mimi nilikuwa na pikipiki yangu chuoni, TVS, kaninunulia baba kwa sababu nilipanga mbali. Dogo wa mwanzisha mada asome hapa.

Gharama ambayo kila mtu anaipigia hesabu ni petroli. Petroli si kitu, pikipiki ndogo inakwenda kilomita 50 na zaidi kwa lita moja, na chuoni unazunguka mule mule. Gharama ni ufunguo. Pikipiki ikishaegeshwa hosteli ni ya jumuiya. "Oya nipe ufunguo mara moja nichungulie salio." "Oya nampeleka demu stendi, dakika tano." Dakika tano za chuoni mnazijua. Inarudi saa 4 usiku, tanki linanukia tu, mafuta hakuna, na aliyeichukua siye aliyeirudisha. Unakuta kioo cha pembeni hakipo, kila mtu anaapa hajui. Ukikataa wewe ni tajiri, una roho mbaya, na kwenye kazi ya kikundi jina lako linaandikwa la mwisho.

Nilijaribu kila ujanja. Kusema imeharibika, wakaleta fundi. Kuficha ufunguo kwa rumeti, rumeti akawa ndiye anayekodisha. Mwisho nikawa natoa waya wa plagi nausokomeza mfukoni. Hapo nilipumzika kidogo, mpaka wa uhandisi walipojua.

Lakini usiku mmoja jirani yetu wa chumba alizidiwa, pumu, na kituo cha afya kiko mbali, boda hawapatikani. Tulimweka katikati, mimi mbele, mwenzangu nyuma kamshikilia. Najua mshikaki ni kosa, na yeyote atakayenifungulia kesi aje. Tangu siku ile sikuwahi kuwaringia tena ufunguo, ingawa tanki waliendelea kulikausha.

Mengine kwa haraka. Leseni akatafute kabla ya pikipiki, chini ya cc 125 ni daraja A1, juu ya hapo ni A, na afande wa barabara ya chuoni anajua kabisa wanafunzi wengi hawana. Kadi ihamishwe jina siku ya kununua. Mimi yangu ilibaki kwa mwenye nayo wa kwanza, kila nikisimamishwa napiga simu Tabora. Na bima ya afya ya mwanafunzi, NHIF, niliyolipia mimi ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Ailipe kwanza, hata kama tairi linadai.

Kaka wa Singida

Mkuu umenichekesha na kuniogopesha kwa wakati mmoja. Nimemtumia dogo ujumbe wako mzima. Kajibu: "Mimi sitamwazima mtu." Haya.

Ufunguo Uko Wapi

Mwambie hata mimi nilisema.

Magongo Mawili

Natembea kwa magongo tangu utotoni na nilisomea chuo cha kilimani. Sikitaji.

Ninyi mnazungumza umbali wa kilomita. Kwangu umbali ulikuwa ratiba. Lekcha inaisha saa 4 kamili huku, nyingine inaanza saa 4 kamili ng'ambo ya kilima, ghorofa ya pili. Waliopanga ratiba wamekadiria miguu yao. Mwezi wa kwanza nilikuwa naingia wenzangu wako ukurasa wa pili wa noti.

Boda nilijaribu. Shida ni magongo. Ukiyashika kwa upana mnapita mnafyeka watu barabarani. Ukimpa boda ayabebe mbele yanamzuia usukani. Njia nzuri ni kuyasimamisha wima kati yako na yeye, ukayakumbatia, lakini hapo mikono yako yote ina kazi na kwenye tuta huna pa kujishikia. Nikaachana nayo.

Kilichonisaidia ni bajaji ya mwezi. Nilimpata baba mmoja mtu mzima, tukapatana bei ya mwezi mzima, nikampa ratiba yangu kwenye karatasi akaibandika juu ya dashibodi. Ikafika mahali ananikumbusha yeye, "leo una semina saa 8, usisahau." Kwa kuwa bajaji ina siti tatu nyuma, wenzangu wawili wa kozi wakaomba kuchangia, bei kwangu ikashuka, na wao wakawa wanabeba begi langu. Likizo simlipi, na bumu likichelewa ananivumilia. Mapatano ya mdomo tu, hatukuwahi kuvurugana.

Na kuna jambo la bure kabisa ambalo wengi hawalijui. Nilimwomba CR wetu, mwakilishi wa darasa, aende ofisi ya ratiba aombe madarasa yetu yaletwe ghorofa ya chini. Alienda, na baadhi yalihamishwa wiki iliyofuata. Wanaoingia mwaka huu wenye hali yangu wasisubiri kuonewa huruma, waombe mapema, kabla ratiba haijakauka.

Chimwaga Juu

@Magongo Mawili hii ya bajaji ya mwezi hata mzima wa miguu inamfaa. Watatu waliopanga Ng'ong'ona wakiungana, sioni pikipiki ya nini.

Komredi wa Kesses

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilisomea Moi, kampasi kuu iliyo Kesses, zaidi ya kilomita 30 kutoka Eldoret. Ni nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, baridi huingia mpaka kwenye mifupa na mvua ikianza haijui Jumapili. Barabara za ndani huwa matope tupu. Huko nje ya lango kiatu cha komredi ni gambuti, hata ukiwa umevaa suti ya kutetea mradi wako.

Bodaboda sisi twaita nduthi. Sheria ya Kenya inasema abiria mmoja tu, na mwendeshaji awe na helmeti mbili na makoti ya kuakisi mwanga. Helmeti ya pili iko, sikatai. Huning'inizwa kwenye kioo, imekuwa ikining'inia hapo tangu inunuliwe.

Mimi mwenyewe niliendesha nduthi. HELB, bodi yetu ya mikopo, ilikuwa imechelewa, binamu yangu akaniachia yake jioni na asubuhi mapema. Siku moja alfajiri kuna mvua, mzee mmoja ananisimamisha huko stejini, amejifunika skafu mpaka puani. "Kijana kimbia, nimechelewa darasa." Nikakimbia. Akanilipa hamsini, akaingia. Mimi nikaegesha, nikavua koti, nikaingia nyuma yake kwa sababu hilo darasa ni langu pia. Alipoanza kuita majina na mimi nikaitika, alininyanyulia macho akanyamaza. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Wewe si ndiye umenitoza hamsini sasa hivi?" Darasa likaanguka kicheko. Tangu hapo alikuwa mteja wangu wa kudumu, na sijawahi kukosa darasa lake hata moja, ningekosaje?

Wakili Mtarajiwa

Huo ni mgongano wa maslahi.

Bint Tunguu

Na sisi wa Unguja tupo. Chuo chetu SUZA kipo Tunguu, nje ya mji, wengi wetu twatoka mjini na Ng'ambo asubuhi na kurudi jioni. Daladala zetu ni zile za mabenchi ya pembeni, mwakaa mkitazamana, na mizigo juu. Zikijaa, utaona mtu wa mwisho yuko nusu ndani nusu nje.

Mimi nikenda na vespa. Ya marehemu babu, ile ya zamani ya kuchanganya oili kwenye petroli. Wanaume darasani wana honda mpya na mimi nina vespa yenye umri kuwashinda wote, na mara nyengine hao wenye honda nikiwapita wamesimama njiani wanapiga simu. Mafundi wa vespa mjini wamejaa, wazee kwa vijana, kipuri hukosi.

Ila dada zangu wa buibui, sikilizeni. Buibui na gurudumu ni maadui. Ukipanda, kusanya nguo yote mbele, ikalie, na mtandio uingize ndani ya koti. Nguo ikishanaswa na gurudumu haingoji useme "simama". Mimi nikivaa suruali ndani, buibui nalikunja kiunoni, nikifika Tunguu nashuka, nalishusha, naingia darasani kama mtu aliyekuja na gari.

Fundi Plagi

Kama dogo bado kakaza shingo, asinunue ya mkononi bila haya. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi, aisome mwenyewe kwenye chuma, siyo kwa kuambiwa. Aende asubuhi aikute injini ya baridi, muuzaji asiwe amekwisha kuiwasha, maana mbovu ikishapata moto inajifanya nzima. Ikitoa moshi wa bluu inakula oili, ringi zimekwisha. Aangalie meno ya sproketi ya nyuma, yakiwa yamechongoka cheni na sproketi zote ni za kubadilisha. Ainyanyue mbele autikise usukani, ukilegalega beringi zimekwisha. Na kwa vumbi la Dodoma, eya klina aisafishe mara kwa mara bila kungoja sevisi.

Ikiwa ni ya kulala likizo nzima, afunge koki ya mafuta aiache injini iunguze yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Wengi hawafanyi hivyo, wakirudi kabureta imeziba, wanasema wamelogwa.

Kaka wa Singida

Wakuu, majibu yametoka. Dogo kapata hosteli, ndani ya CIVE hukohuko. Nikampigia nikidhani tumemaliza. Ananiambia, "Basi kaka, sasa tuinunue tumpe mtu aendeshe, alete hesabu 10,000 kwa siku." Mbuzi ameshawauza, naambiwa jana.

@Kijiwe Namba Tatu wewe ndiye mwenye fani. Hiyo inawezekana?

Kijiwe Namba Tatu

Inawezekana mkuu, wanafunzi wenye pikipiki za hesabu wapo, na wengine mwaka wa tatu wana mbili. Ila hiyo 10,000 ni ya mkataba, mwishoni pikipiki inakuwa ya dereva. Akitaka ibaki yake, hesabu ishuke, 7,000 hivi, na matengenezo makubwa ni juu yake. Dereva amtafute mwenye mke na mtoto, amtoe kijiweni kwenye mwenyekiti, siyo wa kuletewa na rafiki. Miezi ya likizo ndefu asidai hesabu kamili, atamfanya mtu aikimbize mkoani. Na helmeti ziwe mbili, anunue yeye.